Nyumba Mpya Inapovuja: Nani Azibe, na Aanzie Wapi?

Wazee wetu walisema kwamba nyumba njema si mlango. Kwa maneno hayo machache walimwonya mtu asije akavutwa na nakshi za mbele akasahau kuuliza habari za ndani. Maonyo hayo yana kazi kubwa zaidi leo kuliko yalivyokuwa zamani, kwani miji yetu ya mwambao imejaa magorofa mapya yenye vigae vinavyong'aa na rangi ambayo bado yanukia, na familia nyingi zimeingia humo kwa akiba ya miaka mingi: mshahara wa baba aliyehangaika Ughaibuni, urithi uliogawiwa, dhahabu ya mama iliyouzwa. Kisha masika yanaingia. Doa dogo la rangi ya chai lajitokeza kwenye dari ya chumba cha watoto, na siku ya tatu tone la kwanza laanguka juu ya godoro.

Mwenye nyumba ya zamani akiona tone huita fundi, naye hashangai. Mwenye nyumba mpya hupata huzuni mbili: ya maji, na ya kuhisi kwamba amedanganywa. Huzuni hii ya pili ndiyo huwafanya wengi kupiga kelele kabla ya kutazama, au kunyamaza kwa haya mpaka haki ikapotea. Makala haya yanakusudia kumwonyesha msomaji njia iliyo kati ya hayo mawili.

Kwa nini kitu kipya kivuje?

Tusidhani kwamba upya ni kinga. Watu wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu, ambao kuunda vyombo vya bahari ni kazi yao ya jadi, wanajua kwamba chombo kipya hakishushwi majini kikaaminiwa siku hiyo hiyo. Hutiwa kalafati ya pamba na mafuta katika kila kiungo cha mbao, kisha huangaliwa, kwa kuwa ubao haupitishi maji bali maji hupita baina ya ubao na ubao. Nyumba nayo ni hivyo hivyo. Zege lililo zima halivuji upesi. Panapovuja ni pale ambapo kitu kimekutana na kitu: bomba linapopenya sakafu, ukuta unapokutana na paa, dirisha linapokaa ndani ya tundu lake, kigae kinapogusana na bakuli la choo.

Kwa hiyo nyumba mpya huvuja kwa sababu zinazojulikana. Paa bapa la zege lilimwagwa bila mteremko, maji yakatuama badala ya kwenda kwenye mlizamu. Utando wa lami uliotandazwa juu ya paa uliishia sakafuni, haukupandishwa kwenye ukuta wa ukingo. Fundi wa dishi la televisheni au wa tangi alitoboa utando huo akaondoka. Bafu lilipigwa vigae bila kuwekwa kizuizi cha maji chini yake. Kingo ya dirisha ilielekezwa ndani badala ya nje. Na hapa kwetu pwani ipo sababu moja zaidi ambayo watu huisahau: mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi umeziba, na maji yanayodhaniwa ni ya mvua ni ya mashine iliyo ukutani.

Nyumba zetu za kale za mawe ya matumbawe zilikuwa na busara yake. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazikuwa ndefu, na kuta zake zilipigwa chokaa ambayo ikilowa hukauka, kwa kuwa unyevu wapata njia ya kutoka. Saruji na rangi za plastiki hazina huruma hiyo. Maji yakiingia nyuma yake hukaa, na chumvi ya hewa yetu ikaungana nayo kula vyuma vilivyomo ndani ya zege. Chuma kikipata kutu huvimba kuliko kilivyokuwa kizima, kikalipasua zege kutoka ndani. Ndiyo maana doa la leo si jambo la uchafu wa rangi peke yake, bali ni habari ya umri wa jengo.

Saa ya kwanza

Maji yanapoanza kudondoka, jambo la kwanza ni usalama wa watu. Ikiwa maji yako karibu na taa, feni, swichi au soketi, zima umeme wa nyumba kwenye swichi kuu, na usiiguse swichi hiyo kwa mkono uliolowa wala ukiwa umesimama majini. Watoto waondolewe chumbani. Ikiwa dari ni ya jipsamu na imefanya tumbo, jua kwamba imebeba maji, na maji ni mazito: lita moja ni kilo moja. Weka ndoo chini yake, simama kando, utoboe tundu dogo kwa ncha ya fimbo ili maji yatoke taratibu. Ukiiacha, dari nzima yaweza kuanguka kwa pamoja.

Kisha funga valvu kuu ya maji. Iwapo mdondoko utapungua na kukoma baada ya muda, umekwisha kupata habari ya kwanza: maji ni ya bomba, si ya mvua. Ondoa misahafu, hati za nyumba, pasipoti, vyeti vya watoto na matandiko. Halafu, kabla hujapangusa chochote, piga picha. Piga picha ya doa, ya sakafu, ya vyombo vilivyoharibika, na uandike tarehe na saa. Picha moja ya siku ile yashinda maneno ya mwezi mzima baadaye.

Kuyafuata maji hadi yalikotoka

Maji hayaonekani palepale yalipoingilia. Huingia pembe moja ya paa, yakatembea juu ya zege, yakashika bomba la nyaya za umeme, yakatokea katikati ya chumba penye taa. Ndiyo sababu fundi anayeziba palipo na doa huwa amefunga mlango wa kutokea na kuacha wazi wa kuingilia. Yafaa kuchunguza kwanza, na uchunguzi mwingi hauhitaji fundi bali macho na subira ya mtu anayekaa nyumbani. Katika nyumba zetu huyo mara nyingi ni mama, naye ndiye shahidi bora.

Chukua daftari, uandike kwa siku saba: maji yanatoka lini? Yakitoka mvua ikinyesha, au saa chache baadaye, tazama paa, ukuta wa nje na madirisha. Yakitoka asubuhi na jioni, wakati wa jirani wa juu kuoga, tazama bafu lake. Yakitoka mfululizo usiku na mchana, tazama bomba lenye maji ya shinikizo. Yakitoka kiyoyozi kinapowashwa, tazama mpira wake.

Yapo majaribio manne yasiyo na gharama kubwa.

La kwanza ni la mita. Kabla ya kulala funga mifereji yote, hakikisha hakuna tangi linalojaa, uandike nambari za mita. Asubuhi, kabla ya yeyote kutumia maji, zitazame tena. Zikiwa zimesogea, maji yanapotea upande wako wa bomba. Usidharau kidogo. Mdondoko unaojaza chombo cha lita 1 kwa saa ni lita 24 kwa siku, na kwa siku 30 ni lita 720, yaani madumu 36 ya lita 20. Kwa familia inayonunua maji ya mkokoteni hesabu hii yauma.

La pili ni la choo. Tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi la choo, usivute maji kwa nusu saa. Ukiiona rangi kwenye bakuli, kizibo cha ndani kinavujisha.

La tatu ni la ukuta wenye unyevu. Bandika kipande cha plastiki juu ya sehemu yenye unyevu, ukizibe kingo zake zote kwa utepe, ukiache siku moja au mbili. Matone yakijitokeza upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa yenyewe na dawa yake ni madirisha na feni. Yakijitokeza nyuma ya plastiki, ukuta una maji ndani yake.

La nne ni la kufurika, nalo lifanywe na fundi kwa idhini ya mwenye sehemu. Tundu la kutolea maji la bafu huzibwa, maji kidogo yakatuamishwa sakafuni kwa saa 24, na watu wa chini wakatazama dari yao. Kwenye paa pia hufanyika, ila lazima fundi ajue uzito ambao paa laweza kubeba.

Mwaka wa mama mmoja

Mama mmoja wa mji wetu alikabidhiwa funguo za gorofa mpya mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na mbingu ni kavu. Aliona kila kitu kizuri, naye hakuwa na sababu ya kuona vingine. Mwezi wa Aprili doa likatokea juu ya kabati la mwanawe. Muuzaji akatuma vijana, wakapaka rangi. Mwezi wa Mei likarudi, wakapaka tena, na safari hii wakamwambia kwamba ni mvua na kila nyumba ya pwani huvuja. Mtoto akaanza kukohoa usiku.

Mama huyu aliandika daftari. Baada ya wiki mbili akagundua kwamba doa hupanuka hata siku zisizo na mvua, na kwamba hupanuka zaidi Ijumaa. Gorofa ya juu ilikuwa na familia ya watu wanane, na Ijumaa wote huoga kabla ya kwenda msikitini. Alipanda juu akiwa na sahani ya mahamri mkononi, hakupanda na shutuma. Fundi alipojaza maji yenye rangi ya chakula kwenye sakafu ya bafu la juu, kesho yake rangi ile ile ilikuwa kwenye dari ya chini. Chini ya vigae hapakuwa na kizuizi chochote cha maji. Kwa barua, picha na daftari lile, muuzaji alikubali kulifumua bafu na kulijenga upya kwa gharama yake. Kwa siku nane familia ya juu ilioga kwa mama huyo wa chini. Wangegombana mwezi wa Aprili, lingepatikana wapi hilo?

Funzo lililomo ni kwamba jirani wa juu hakuwa mkosaji. Naye alikuwa ameuziwa bafu bovu bila kujua.

Kumwandikia muuzaji

Mara tu unapojua, mwarifu muuzaji au mjenzi kwa maandishi. Barua iwe fupi na ya adabu: nyumba ipi, ilikabidhiwa lini, maji yalionekana lini na wapi, picha hizi hapa, naomba uje kutazama ndani ya siku kadhaa na urekebishe. Ipeleke kwa mkono na nakala yako isainiwe, au uitume kwa njia itakayobaki na kumbukumbu. Simu peke yake haitoshi, kwani neno la simu hupeperuka.

Usimwite fundi wa mtaani avunje kabla muuzaji hajaona, isipokuwa kazi ya dharura ya kuzuia maji yasizidi, maana yaweza kusemwa kwamba fundi wako ndiye aliyeharibu. Wala usikubali doa lipakwe rangi kabla ya chanzo kujulikana na mahali kukauka. Rangi juu ya unyevu ni kitambaa juu ya jeraha ambalo halijasafishwa.

Soma mkataba wako. Mikataba ya ujenzi huweka muda wa kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi 6 na pengine 12 tangu kukabidhiwa. Hesabu muda huo kwa kalenda, uangalie kama una masika ndani yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Kwa magorofa yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya mwaka 2020, vitu vya pamoja kama paa na kuta za nje huangaliwa na shirika la wenye sehemu wote. Kwa hiyo paa likivuja, wa gorofa ya juu asiachiwe mzigo peke yake.

Wengine huja kuniuliza kama kesi ya namna hii ipelekwe kwa Kadhi. Mahakama za Kadhi, kwa mujibu wa kifungu cha 170, husikiza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu. Madai ya gharama za kuvuja hayamo. Kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo taratibu zake ni nyepesi na mtu aweza kujisimamia mwenyewe. Hata hivyo, suluhu mbele ya wazee wawili waadilifu, ikiandikwa na kutiwa saini, huokoa pesa na undugu.

Amana ya muuzaji, hiari ya mnunuzi

Kuhusu kasoro iliyofichwa, fiqhi yetu haikuacha pengo. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikagusa majimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Angalieni kwamba mvua haikuwa dhambi ya mtu yule. Dhambi yake ilikuwa kukiweka kikavu juu ya kilicholowa. Mwenye kupaka rangi juu ya doa siku mbili kabla ya mteja kuja, na ajipime kwa kipimo hicho. Dalali anayejua naye hasalimiki kwa kusema kwamba nyumba si yake.

Mnunuzi naye ana hukumu yake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa mwambao twaifuata, aliyegundua kasoro iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa ana hiari ya kurudisha au kuridhika. Hiari hiyo ni ya papo hapo kwa desturi ya watu. Mwenye kujua kisha akaendelea kuitumia na kunyamaza bila udhuru huhesabiwa ameridhika. Sheria ya dini na busara ya mkataba zakutana hapa: usinyamaze.

Akina mama huuliza pia kuhusu swala, pale tone la darini linapoangukia nguo au mkeka. Asili ya maji ni tohara, na yakini haiondolewi na shaka. Ikiwa hujui yametoka wapi, wala hayana rangi, harufu au ladha ya najisi, swali na usijitie wasiwasi. Ukiwa na yakini kwamba yanatoka kwenye bomba la choo, hapo osha palipoguswa.

Dawa iliyo sahihi

Zege na vigae huzibwa kutoka upande maji yanakoingilia. Paa lisafishwe, likauke, mteremko urekebishwe, na utando mpya upandishwe kwenye ukuta wa ukingo. Bafu lifumuliwe vigae, kizuizi cha maji kiwekwe sakafuni na kupanda ukutani, lijaribiwe kwa kufurika saa 24 kabla kigae cha kwanza hakijarudi. Saruji nyeupe ya baina ya vigae si kizuizi. Kwenye pembe, panapocheza kidogo kidogo, hutiwa silikoni isiyopasuka, nayo hukaguliwa kila mwaka.

Ukungu mweusi usipuuzwe penye watoto wenye pumu. Fungua madirisha, sugua kwa maji na sabuni, kausha. Ukitumia dawa ya klorini, kamwe usiichanganye na dawa nyingine ya choo wala yenye amonia, kwani mvuke wake hudhuru mapafu. Godoro lililolowa kwa siku kadhaa ni heri liondoke.

Na paa, hata zuri, lataka mtu. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000, yaani tani nzima ya maji inayotafuta njia. Ikiwa mlizamu umezibwa na majani na mfuko mmoja wa plastiki, itapata njia nyingine. Apande mtu mwezi wa Machi kabla ya masika, na mwezi wa Septemba kabla ya vuli, afagie na kutazama.

Anayetaka kununua, naye asiende kuona nyumba mara moja tu, siku ya jua. Aende tena baada ya mvua, afungue makabati na kunusa, atazame dari ya chini ya kila bafu, aombe kuongea na anayekaa gorofa ya chini. Aulize waziwazi kama nyumba imewahi kuvuja na imezibwaje, na jibu liandikwe katika mkataba. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na swali hilo. Anayechukizwa amekwisha kulijibu.